Baada ya Endometriosi Kali na Tiba ya Homoni: Mambo ya Kujua Unapotafuta Ujauzito

Wanawake wengi waliotibiwa endometriosi kali kwa dawa za homoni hufika mahali pamoja pa kusubiri. Maumivu yametulia, hedhi imesimama au imepungua, na ndugu wa pande zote mbili wameanza kuulizia mtoto. Hapo ndipo huzuka maswali. Je, dawa hizi zimekiandaa kizazi kupokea mimba, au zimekidhuru? Je, kuendelea nazo kwa miezi michache zaidi kutaongeza uwezekano wa kupata ujauzito? Makala haya yameandaliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ili kumsaidia mtumiaji wa dawa kuyaelewa majibu ya maswali hayo, na kumkinga asipoteze fedha zake na, zaidi ya fedha, muda wake.

Endometriosi kali ni nini?

Endometriosi ni ugonjwa ambao tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje ya mji huo: kwenye ovari, kwenye mirija ya uzazi, kwenye utando wa tumbo, na wakati mwingine kwenye utumbo au kibofu cha mkojo. Tishu hizo huchochewa na homoni ya estrojeni, nazo husababisha maumivu, uvimbe na makovu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huwapata takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa.

Madaktari huugawa ugonjwa huu katika hatua nne, kwa kuangalia kile kinachoonekana ndani ya tumbo wala si kwa ukubwa wa maumivu. Hatua ya nne ndiyo inayoitwa kali. Katika hatua hiyo huonekana mara nyingi vifuko vya damu nzito kwenye ovari, pamoja na makovu yanayogandisha viungo ambavyo kwa kawaida huachana. Makovu hayo yanaweza kuuzuia mrija usilidake yai linapotoka, na vifuko hivyo, au upasuaji wa kuviondoa, vinaweza kupunguza akiba ya mayai. Ndiyo sababu kupata ujauzito huwa kugumu zaidi katika hatua hii. Hata hivyo, ugumu si sawa na kutowezekana. Millen Magese, aliyekuwa Miss Tanzania mwaka 2001, ameueleza hadharani ugonjwa wake na upasuaji mwingi aliofanyiwa, na mwaka 2017 alitangaza kuzaliwa kwa mtoto wake wa kiume. Habari kama hiyo haimwahidi mwanamke mwingine matokeo yaleyale, lakini inaonyesha kwamba jina la ugonjwa peke yake si hukumu.

Dawa za homoni hufanya nini?

Dawa za homoni zinazotumika kutibu endometriosi ni za aina mbalimbali, lakini nyingi zina lengo moja: kupunguza au kutuliza kazi ya ovari, ili tishu zilizoota mahali pasipostahili zikose kichocheo. Kwa njia hiyo maumivu hupungua. Lakini ovari iliyotulizwa haitoi yai, na pasipo yai hakuna mimba. Kwa maneno mengine, dawa inayotuliza ugonjwa ndiyo hiyohiyo inayozuia ujauzito kwa kipindi inapotumika.

Hapa ndipo watumiaji wengi hupotoka, au hupotoshwa. Dawa hizi hazifungui mirija iliyoziba, haziondoi makovu, wala haziongezi idadi ya mayai. Umri wa mayai nao hausimami wakati hedhi imesimama. Mwongozo wa mwaka 2022 wa Jumuiya ya Ulaya ya Uzazi wa Binadamu na Embriolojia (ESHRE) unawaelekeza madaktari wasimwandikie mwanamke anayetafuta ujauzito dawa za kutuliza ovari kwa lengo la kumwongezea uwezo wa kushika mimba. Dawa hizi zina nafasi yake kwa mwanamke mwenye maumivu ambaye hayuko tayari kubeba mimba kwa sasa, au ambaye amefanyiwa upasuaji na analazimika kusubiri. Daktari wa upandikizaji mimba anaweza pia kuzitumia kwa muda maalumu ili kupanga siku za kuvuna mayai. Hilo ni jambo jingine, na huwa na ratiba yake.

Habari njema ni kwamba athari ya dawa hizi kwenye ovari ni ya muda. Mwanamke akiziacha kwa ushauri wa daktari, ovari hurudia kazi yake kadiri umri na ugonjwa wenyewe unavyoruhusu.

Muda wa kusubiri baada ya kuacha dawa

Muda huo hutofautiana kwa kila dawa, na mtumiaji ana haki ya kuelezwa kabla ya kuanza tiba.

Vidonge vya vichocheo viwili (estrojeni na projestini): yai linaweza kupevuka katika mzunguko wa kwanza baada ya kuacha.

Dienojesti, kidonge cha miligramu 2 kinachomezwa kila siku: mzunguko wa hedhi kwa kawaida hurejea ndani ya miezi miwili.

Sindano za kusimamisha hedhi, kama goserelini na leuprorelini: hutolewa kila mwezi au kila baada ya miezi mitatu, kulingana na kipimo. Hedhi huchelewa kwa wiki kadhaa baada ya nguvu ya sindano ya mwisho kwisha. Kwa kuwa dawa hizi hupunguza uzito wa mifupa, goserelini kwa endometriosi haipaswi kuzidi miezi sita. Mtumiaji anayeambiwa aendelee na dawa za kundi hili zaidi ya muda huo amuulize daktari sababu, na aulize ni hatua gani zimechukuliwa kulinda mifupa yake.

Sindano ya medroksiprojesteroni ya kila miezi mitatu, inayojulikana pia kama sindano ya uzazi wa mpango: haiondoi uwezo wa kuzaa, lakini huchelewesha kurejea kwake. Kwa wastani mimba hupatikana takriban miezi 10 baada ya sindano ya mwisho, na kwa baadhi ya wanawake muda huwa mrefu zaidi. Mwanamke anayetarajia kutafuta ujauzito mwaka huohuo amweleze daktari kabla ya kuchomwa sindano hii.

Danazoli: dawa hii inaweza kumdhuru mtoto wa kike aliye tumboni kwa kumfanya awe na maumbile ya kiume. Haipaswi kutumiwa na mwanamke mjamzito au anayetafuta mimba.

Ni vyema ikumbukwe kwamba kukosa hedhi unapotumia baadhi ya dawa hizi si kinga kamili ya mimba. Anayetumia sindano za kusimamisha hedhi hushauriwa kutumia njia isiyo ya homoni, kama kondomu, hadi hedhi itakaporejea. Ukihisi una ujauzito ukiwa bado unatumia dawa, pima na umwone daktari mara moja.

Muda ni mali

Tuchukulie mwanamke mwenye umri wa miaka 34, aliyefanyiwa upasuaji wa matundu madogo na kupewa sindano kwa miezi sita. Maumivu yamekwisha. Muuzaji wa dawa anamwambia kwamba sindano sita nyingine "zitakisafisha kizazi" ili mimba ishike vizuri. Akikubali, atakuwa amelipia miezi sita ambayo hawezi kushika mimba, pamoja na wiki za kusubiri hedhi irejee, na maumivu ya mifupa ambayo huenda akayapata. Atakaribia miaka 35, umri ambao uwezo wa kuzaa huanza kupungua kwa kasi zaidi. Alichouziwa kama maandalizi kimekuwa ucheleweshaji.

Wanandoa wasio na tatizo linalojulikana hushauriwa kujaribu kwa miezi 12 kabla ya kutafuta msaada, au miezi 6 iwapo mwanamke amevuka miaka 35. Kanuni hiyo haimhusu mwenye endometriosi kali. Yeye anapaswa kumwona daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi mapema, ikiwezekana kabla ya kuacha dawa, ili mpango wa baadaye uwe tayari siku dawa itakapoachwa.

Katika mpango huo daktari huangalia umri, hali ya ovari kwa kipimo cha ultrasaundi, akiba ya mayai, hali ya mirija, na mbegu za mwanamume. Jambo la mwisho husahaulika mara nyingi. Si haki, wala si busara, mwanamke arudishwe kwenye chumba cha upasuaji ilhali mume hajapimwa mbegu, kipimo ambacho ni chepesi na hakina maumivu. Baada ya vipimo ndipo huamuliwa kama wanandoa wajaribu kwa njia ya kawaida kwa muda uliowekwa, kama upasuaji unahitajika, au kama waelekee kwenye upandikizaji mimba bila kukawia. Upasuaji wa kurudiarudia kwenye ovari unaweza kupunguza mayai. Kwa hiyo kabla ya kukubali, uliza utaleta faida gani na utagharimu nini.

Jihadhari na bidhaa za "kusafisha kizazi"

Mwanamke anayetafuta mtoto ni mteja anayewindwa. Kwenye simu, kwenye magari ya matangazo na hata kwenye nyumba za ibada, hutangazwa unga, vidonge vya kuweka ukeni, mvuke na chai zinazodaiwa "kuzibua mirija", "kuyeyusha uvimbe" na "kurekebisha homoni" kwa siku chache. Makovu ya endometriosi hayayeyushwi na chai. Vitu vinavyoingizwa ukeni vinaweza kusababisha michubuko na maambukizi, na maambukizi yakipanda juu yanaweza kuiharibu mirija iliyokuwa bado mizima.

Dawa zote za kisasa zinapaswa kusajiliwa na Mamlaka kwa mujibu wa Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura ya 219. Dawa asili husimamiwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Kabla ya kununua, angalia jina la dawa, jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Dawa za homoni hutolewa kwa cheti cha daktari; anayekuuzia bila cheti, au anayekuletea sindano mkononi isiyo na boksi lake, anakuweka hatarini. Dai risiti na uihifadhi.

Dawa nyingine unazotumia

Mweleze daktari dawa zote unazotumia, zikiwamo za maumivu. Dawa kama ibuprofeni na diklofenaki zikitumiwa mfululizo zinaweza kuzuia yai lisitoke, na hazipaswi kutumiwa kuanzia wiki ya 20 ya ujauzito bila maelekezo ya daktari. Anza kumeza asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, kabla ya kushika mimba, na uendelee hadi mwisho wa wiki ya 12. Humkinga mtoto dhidi ya kasoro za ubongo na uti wa mgongo.

Dalili zisizopaswa kusubiri

Wanawake wenye endometriosi wana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba. Hedhi ikichelewa au kipimo kikionyesha ujauzito, kisha ukapata maumivu makali upande mmoja wa tumbo, maumivu ya bega, kutokwa damu au kizunguzungu, nenda hospitali saa hiyohiyo. Usidhani ni maumivu yaleyale uliyoyazoea. Pia mweleze mhudumu katika ziara ya kwanza ya kliniki kwamba una historia ya endometriosi.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Dawa hii ni ya kutuliza maumivu au ni ya kunisaidia kushika mimba?

Nitaitumia kwa muda gani, na nitaiacha lini?

Baada ya kuiacha, mzunguko wangu utarejea baada ya muda gani?

Mume wangu amepimwa?

Tukikosa mimba katika muda tuliokubaliana, hatua inayofuata ni ipi, na gharama yake yote ni kiasi gani?

Mtaalamu mwenye nia njema hatachukizwa na maswali haya. Atakujibu, na akishindwa atakuelekeza kwa anayeweza.

Ukipata madhara yoyote yanayohusiana na dawa, au ukitilia shaka ubora wake, toa taarifa kwa mhudumu wa afya ili ajaze fomu ya njano, au fika katika ofisi ya Mamlaka iliyo karibu nawe ukiwa na boksi la dawa na risiti. Taarifa yako inaweza kumwokoa mwanamke mwingine asiuziwe tumaini la uongo. Endometriosi kali imekwisha kuchukua miaka ya wengi. Miaka iliyobaki itumike kwa mpango unaoeleweka.