Misuli ya Kabila Jingine

Tarehe 24 Juni 1995, uwanja wa Ellis Park, Johannesburg. Fainali ya Kombe la Dunia la raga imeingia muda wa nyongeza, Afrika Kusini na New Zealand wako 12 kwa 12. Joost van der Westhuizen wa Afrika Kusini anauchomoa mpira miguuni mwa wenzake, anamrushia Joel Stransky, naye anaupiga katikati ya milingoti. Katika mechi hiyohiyo Joost alimkaba Jonah Lomu, jitu la zaidi ya kilo 115, akamlaza chini.

Mwaka 2011 Joost aligundulika ana ugonjwa unaoua neva zinazopeleka amri kwenye misuli. Akaishia kwenye kiti cha magurudumu, na tarehe 6 Februari 2017 akafariki jijini Johannesburg, ana miaka 45.

Ugonjwa huu una ajabu yake. Paja lililokuwa gogo huwa fimbo, mkono hushindwa kushika kijiko, lakini macho mara nyingi huendelea kuzunguka hadi siku za mwisho. Ndiyo maana wagonjwa wengi huandika kwa kompyuta yenye kamera inayofuata mboni: unaikazia macho herufi, nayo inaandikika.

Vitabu vya shule huitia misuli ya paja na ya jicho katika kapu moja, misuli ya hiari. Mimi naona ni makabila mawili. Kila jicho huzungushwa na misuli 6, myembamba kama utepe. Mmoja hupita kwanza kwenye kitanzi cha gegedu karibu na pua, kama kamba ya tanga ipitavyo kwenye kapi, ndipo urudi kulishika jicho. Kwenye mguu, neva moja huamrisha nyuzi za msuli mamia, hata zaidi ya elfu. Kwenye jicho huamrisha chache mno, pengine kumi hivi. Hapo ndipo ustadi ulipo. Unaposoma mstari huu macho yako yanaruka kama mara 3 kwa sekunde, na kila mruko unatua penyewe.

Tena, uzi wa kawaida wa msuli hupokea neva mahali pamoja. Baadhi ya nyuzi za jicho huguswa na neva sehemu nyingi. Wataalamu wa dawa za usingizi wanalijua hili: dawa ya suksamethoni hulegeza mwili mzima, lakini misuli ya jicho hukaza kwanza.

Hata ugonjwa wa Duchenne, unaokula misuli ya watoto wa kiume, huipita kando misuli ya jicho. Na neva za jicho zinaudhibiti vizuri zaidi wingi wa kalsiamu ndani yake, jambo ambalo watafiti wengi wanalihusisha na kunusurika kwake katika ugonjwa uliomuua Joost.

Ila kuna ugonjwa unaoanzia hapohapo. Katika miasthenia, kinga ya mwili hushambulia pale neva inapokutana na msuli, na mara nyingi dalili ya kwanza ni kuona vitu viwiliviwili au kope kuanguka. Daktari huweka barafu juu ya kope iliyolegea, kwa dakika 2. Baridi hupunguza kasi ya kimeng'enya kinachofuta ujumbe wa neva. Anaiondoa barafu, na kope inainuka, kwa muda mfupi tu.