Kazi ya kuinua wagonjwa wakati una mimba



Mwezi wa pili nilikuwa nimekaa barazani na jirani yangu, tunachambua sombe. Yeye anafanya kazi kwenye kituo kimoja cha afya cha upande wetu. Hakusomea uuguzi. Anafagia, anafua mashuka yenye damu, anachota maji, anageuza wagonjwa wasiojiweza, na usiku mama akija kuzaa, yeye ndiye anayemshika mgongo. Mimba yake ilikuwa ya miezi minne na kazini hakuna aliyejua. Alikuwa anafunga kikwembe juu sana ili tumbo lisionekane. Nilipomwuliza kwa nini anajificha, akanijibu: “Mwalimu, nikisema tu, prime yangu itaenda kwa mwingine.”

Sikuwa na la kumjibu siku ile. Sisi walimu tunajua vizuri habari ya kufanya kazi miaka bila jina kuingia kwenye orodha ya mshahara wa serikali. Kwenye vituo vya afya ni vilevile: wengi wanaishi kwa prime na kwa fungu dogo la pesa wanazolipa wagonjwa. Siku usipokuja, hupati.

Sheria ipo. Kodi ya kazi ya nchi yetu, Sheria nambari 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inampa mama anayezaa majuma 14 ya kupumzika, na theluthi mbili za mshahara wake. Katika muda huo mwajiri hana ruhusa ya kuvunja mkataba. Akirudi kazini na mtoto ananyonya, ana haki ya nusu saa mara mbili kwa siku. Mwenye mkataba aijue na aidai. Lakini kwa jirani yangu, theluthi mbili za nini, kama mshahara wenyewe haupo? Kwa sababu hiyo wamama wengi wananyamaza mpaka tumbo liseme lenyewe.

Kunyamaza huko ndiko kunakonitia hofu, kwa sababu miezi ya kwanza, ile ambayo hakuna anayejua, nayo inahitaji uangalifu. Mapema kabisa mwili unaanza kulegeza viungo vya nyonga na mgongo ili mtoto apate njia. Tumbo likikua, uzito unavutwa mbele, na mgongo unafanya kazi mara mbili. Ukiinama hapo kumwinua mtu mzima kutoka chini, unaweza kuumia hata kama zamani ulikuwa unamwinua bila shida.

Mwaka 2013 wataalamu wa Marekani wanaochunguza usalama kazini walitoa vipimo vya kusaidia waganga. Kwa mama mwenye mimba changa, anayeinua mara mojamoja na kushika mzigo karibu na mwili, wakaweka mwisho kuwa kama kilo 16. Mimba ikipita nusu, kama kilo 12. Sasa fikirini bido letu la litri 20: likijaa lina kilo 20 na zaidi kidogo. Limepita kipimo tangu siku ya kwanza, na bado hatujamgusa mgonjwa. Kuhusu mgonjwa, kipimo chao ni kilo 16 kwa mikono ya mtu mmoja, hata kama huyo mfanyakazi hana mimba. Mtu mzima ana kilo hamsini, sitini. Basi hakuna mwanamke anayepaswa kumwinua mgonjwa peke yake, na mwenye mimba ndiye wa mwisho kabisa.

Mtaniambia: mbona bibi zetu walibeba vikapu vya mihogo mpaka siku ya kuzaa? Ndiyo, walibeba, na wengi walizaa salama. Waliopoteza mimba hatukuwahesabu. Sisemi kwamba kila anayeinua mzigo atapoteza mimba, na tafadhali, mama aliyepoteza asinyoshewe kidole kwamba alijitakia. Mimba nyingi zinatoka bila kosa la mtu. Ninasema tu kwamba kuinua vizito kila siku, tena na zamu za usiku, kunaongeza hatari, na hatari hiyo inaweza kupunguzwa.

Inapunguzwaje mahali ambapo hakuna mashine ya kuinulia? Kwa kikwembe. Kunja kikwembe kigumu, kipitishe chini ya mgonjwa kutoka mabega mpaka mapaja, watu wawili kila upande washike karibu na mwili wake, wakunje magoti, wahesabu pamoja, wavute. Mgonjwa anasogea juu ya kitanda bila kuinuliwa. Ndugu wanaomlinda mgonjwa wapo siku zote pale, waitwe washike. Mama mwenye mimba asimame kichwani pa mgonjwa, azungumze naye, ahesabu moja, mbili, tatu. Akianguka mtu chini, asikimbilie kumkamata kwa mikono yake, aite wenzake. Maji abebe nusu bido, aende mara mbili. Na kiti kidogo kiwepo: kusimama saa sita bila kukaa kunavimbisha miguu na kuchosha mwili wote.

Kuna pia hatari isiyo na uzito. Mashuka yenye damu yanaweza kuficha sindano, na sindano inaweza kuleta homa ya ini ya aina B au ukimwi; glavu ni lazima, na chanjo ya homa hiyo ya ini ikipatikana, aiombe. Surua nayo ni hatari kwa mimba. Kasongo yetu ina jina katika habari hiyo: mwaka 1981 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa hapa na waganga waliofanya kazi na chuo cha Antwerp, Ubelgiji, juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto, na mpaka leo wanafunzi wa afya wa nchi za mbali wanausoma. Mama mwenye mimba ambaye hakuugua surua wala kuchanjwa asiingie kwenye chumba cha wagonjwa wa surua.

Na mpox, ile ndui ya nyani. Kwa majirani zetu wa Sankuru, kwenye hospitali ya Kole, waganga walifuatilia wagonjwa zaidi ya 200 kati ya mwaka 2007 na 2011. Wanne kati yao walikuwa na mimba. Watatu walipoteza watoto. Wanne ni wachache, lakini mimi hesabu hiyo inanitosha kumwambia mwenye mimba: mgonjwa mwenye vipele vya namna hiyo ahudumiwe na mwingine.

Jambo la kwanza basi ni kwenda kupimwa mimba mapema. Shirika la Afya Duniani, tangu mwaka 2016, linashauri mara ya kwanza iwe kabla ya majuma 12, na zote zifike 8. Huko unapata dawa ya kuzuia malaria, vidonge vya damu, na unapimwa presha. Anayefanya kazi kituoni anasahau mara nyingi kwamba naye ni mama kama wale walio kwenye foleni. Akiona damu, maji yakitoka, kichwa kikiuma sana na macho kuona giza, uso kuvimba, au mtoto kuacha kucheza, aache kazi saa ileile, aonwe.

Jambo la pili ni kusema, na hapo ndipo jirani yangu alipokwama. Tulienda wawili kwa mkubwa wa kituo, yule tunayemwita titulere, siku ya Jumatatu asubuhi kabla wagonjwa hawajawa wengi. Hatukwenda kuomba huruma. Tulikuwa tumeandika kwenye karatasi kazi anazoweza kuendelea nazo: kupima watoto uzito, kuandika fishi, kupokea wamama, kuchemsha vyombo. Na zile za kumpa mwingine: kuinua, kuchota maji, zamu za usiku. Titulere alisoma, akakuna kichwa, akasema zamu za usiku anaweza kuzibadilisha, ila pesa ya usiku itaenda kwa atakayelala pale. Haki au si haki, ndivyo ilivyo kwa sasa.

Pengo hilo tulilipeleka kwenye likelemba yetu. Zamu ya jirani yangu ya kupokea ilikuwa mwezi wa tisa, na mtoto anangojewa mwezi wa saba. Kulikuwa na maneno, siwafichi. Mmoja alisema akimpisha huyu, kesho watakuja wote na matumbo. Mwishowe mama mmoja muuza mawese, ambaye zamu yake ni mwezi wa sita, akasema wabadilishane. Tumekubaliana pia kwamba kila mwanamke wa kikundi anayefanya kazi ya wagonjwa atuambie mimba yake ikiwa changa, ili tupange zamu kabla, na wawili wetu wamsindikize kwa mkubwa wake.

Sasa jirani yangu anapima watoto uzito. Maji anachotewa na mdogo wa titulere, mwenye kinga.