Uzamifu wa kemia si karo, ni kazi yenye mshahara



Ijumaa mbili zilizopita, baada ya swala ya isha, dada yangu aliniita nyumbani kwake. Mjomba ukiitwa usiku ujue kuna jambo. Nikamkuta ameketi mkekani na bahasha mbili mbele yake. Ya kwanza ilikuwa na pasipoti mpya ya mpwa wangu pamoja na risiti za vipimo vya afya, maana wakala amekwisha kumtafutia kazi ya nyumbani Saudia. Ya pili ilikuwa na cheti cha shahada ya kemia, daraja la pili kitengo cha juu. Cheti hicho kimekaa kabatini miaka miwili.

"Mjomba," mpwa wangu akasema, "mimi nataka kuendelea na utafiti wa vichocheo."

Mamake akadakia: "Utafiti kwa pesa za nani? Karo ya miaka minne nimeilipa kwa mahamri na mbaazi. Na hivyo vichocheo ni nini, dawa za kuku?"

Usiku ule nilizungumza mpaka kahawa ikapoa. Niliyoyasema nayaandika hapa, kwa sababu nina hakika bahasha mbili kama hizo ziko katika nyumba nyingi za Pwani.

Kwanza, kichocheo ni nini?

Kichocheo ni kama mshenga. Huwaendea watu wawili ambao peke yao wasingekutana, akawaunganisha, ndoa ikafungwa, kisha yeye akaenda zake nyumba nyingine kufanya kazi ile ile. Katika kemia, kichocheo huzifanya dutu mbili ziungane haraka na kwa joto dogo zaidi, na chenyewe hubaki kutumika tena.

Mimi nilikiona kwa macho yangu nikiwa mwanafunzi wa diploma, nilipopelekwa kujifunza kazi katika kiwanda kimoja cha mafuta ya kupikia hapa Mombasa. Mafuta ya mawese yalikuwa ndani ya tangi, yanapashwa moto. Wakatia unga mweusi wa nikeli, wakapitisha gesi ya haidrojeni. Mafuta yale yalipopoa yakaganda, yakawa ile samli ya kopo tunayoijua. Unga ukachujwa, ukarudishwa kazini. Njia hiyo ilitokana na kazi ya Mfaransa Paul Sabatier, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1912.

Nikamuuliza msimamizi kwa nini nikeli isagwe laini namna ile. Akanijibu kwamba kinachofanya kazi ni uso wake tu. Bonge la nikeli lina chembe nyingi zilizojificha ndani, hazikutani na mafuta kamwe. Ukilisaga, nyuso zinakuwa nyingi. Elimu ya kuchunguza yanayotokea pale juu, kwenye tabaka moja au mawili ya chembe za mwisho, ndiyo kemia ya nyuso.

Mbolea inayoshuka bandarini

Dada yangu akasema hayo ni mambo ya samli tu. Nikamwambia afikirie meli za mbolea zinazoshusha Kilindini. Sehemu kubwa ya hewa tunayovuta, asilimia 78, ni naitrojeni, na mimea inaihitaji. Lakini chembe mbili za naitrojeni zimeshikana kwa nguvu sana, na mhindi hauwezi kuziachanisha. Mjerumani Fritz Haber aligundua jinsi ya kuiunganisha na haidrojeni ikawa amonia. Carl Bosch akaifanya ya kiwandani, na kiwanda cha kwanza kikaanza kazi Oppau mwaka 1913. Mwenzao Alwin Mittasch alijaribu maelfu ya michanganyiko mpaka wakaridhika na chuma kilichotiwa viungo vingine kidogo. Wataalamu hukadiria kwamba karibu nusu ya watu duniani leo wanakula chakula kilichotegemea mbolea ya njia hii.

Kwa miongo mingi viwanda viliendelea kutoa amonia bila mtu kujua kwa hakika nini kinatokea juu ya chuma kile. Aliyelifumbua ni Gerhard Ertl wa Ujerumani. Aliweka kipande safi cha chuma ndani ya chombo kilichonyonywa hewa karibu yote, maana usipoiondoa hewa, uso safi huchafuka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kisha akaingiza gesi kidogo kidogo na kufuatilia kila hatua. Akaonyesha kwamba kazi ngumu ni ile ya kuitenganisha naitrojeni, na kwamba chuma ndicho kinachoifanya. Tangazo la tuzo yake ya Nobel lilitoka tarehe 10 Oktoba 2007, siku aliyotimiza miaka 71.

Nikaongeza mfano wa tatu, wa magari ya mitumba yanayoshuka kutoka Japani. Ndani ya bomba la moshi mna kitu kama sega la nyuki kilichopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Hicho hugeuza gesi ya sumu kuwa hewa isiyodhuru sana. Baadhi ya mafundi hukitoa na kukiuza bila mwenye gari kujua. Mwizi anajua thamani ya kichocheo, sisi wazazi hatuijui.

Karo analipa nani?

Hapa ndipo dada yangu aliponiinamia kusikiliza. Sisi tumezoea kwamba kusoma ni kulipa. Chekechea unalipa, sekondari unalipa, chuo unalipa. Basi tukisikia uzamifu, ile shahada ya juu kabisa ya kuitwa daktari ingawa hutibu mtu, tunaona mlima wa karo.

Katika sayansi kama kemia, nchi nyingi zinahesabu mambo kinyume chake. Mwanafunzi wa uzamifu ndiye mikono ya maabara. Profesa akipata fedha za utafiti, sehemu ya fedha hizo ni ya kumlipa yeye.

Kule Marekani, idara nyingi za kemia humchukua mtu mwenye shahada ya kwanza moja kwa moja. Masomo huchukua miaka 5 au 6. Karo husamehewa, na mwanafunzi hulipwa kila mwezi kwa kusaidia kufundisha au kwa utafiti wenyewe. Ujerumani kwa kawaida wanataka uwe na shahada ya uzamili kwanza. Baada ya hapo wengi huajiriwa kwa mkataba wa chuo, mara nyingi mshahara wa nusu au theluthi mbili ya kazi kamili, kwa miaka 3 au 4. Wanaotafuta ufadhili wa uzamili wenyewe huangalia DAAD.

Afrika Kusini ina kundi kubwa la watafiti wa vichocheo pale Chuo Kikuu cha Cape Town, na si ajabu, kwa kuwa nchi hiyo kupitia Sasol imetengeneza mafuta ya gari kutokana na makaa ya mawe kwa miongo mingi.

Kisha nikataja Saudia. Dada yangu akanyanyua uso. Saudia sisi tunaijua kwa hija, kwa umra, na kwa kazi za nyumbani. Lakini huko Thuwal, kaskazini mwa Jeddah, ufukweni mwa Bahari ya Shamu, kuna chuo kinachoitwa KAUST, kilichofunguliwa mwaka 2009. Wanasoma kwa Kiingereza, wanaume kwa wanawake. Kina kituo kizima cha utafiti wa vichocheo. Anayekubaliwa halipi karo, hupewa nyumba, bima ya matibabu na posho.

Sidharau kazi ya nyumbani. Wapo mabinti zetu waliojenga nyumba kwa jasho hilo, na Mwenyezi Mungu awabariki. Lakini nchi ni ile ile na pasipoti ni ile ile. Mtoto mwenye shahada ya kemia apate kujua kwamba mlango wa pili upo.

Uchungu wa kazi yenyewe

Nisiwadanganye. Niliyosoma naye diploma aliendelea, akafika uzamifu Ulaya, na yeye ndiye aliyenieleza hali halisi. Siku zake zilikuwa za kupima chumvi za metali, kukausha, kuoka kwenye tanuri, kujaza unga katika kibomba chembamba, kupitisha gesi na kusoma mashine inatoa nini. Miezi minne aliamini amepata kichocheo kizuri ajabu, kumbe bomba lilikuwa linavuja. Akaanza upya. Baridi, upweke, na siku za Ramadhani za kiangazi zinazokwisha karibu saa nne usiku, yote aliyapitia.

Na baada ya kumaliza, kazi za kudumu za uprofesa ni chache kuliko wanaozitafuta. Wengi hupita kwenye mikataba mifupi ya utafiti ya mwaka mmoja hadi mitatu. Wengine huingia viwandani: BASF ya Ujerumani, Johnson Matthey ya Uingereza na Topsoe ya Denmark ni kampuni zinazoishi kwa vichocheo. Hapa kwetu nafasi ni kidogo. Kiwanda cha kusafisha mafuta Changamwe kilisimamisha kazi hiyo mwaka 2013 kikabaki cha kuhifadhi. Mbolea ya kemikali karibu yote tunaagiza. Hata hivyo, mwaka 2023 serikali ilizindua mkakati wa haidrojeni inayotokana na umeme safi, na mbolea ni moja ya malengo yake. Mipango hiyo ikitimia, atahitajika mtu anayekijua kichocheo. Swali ni kama mtu huyo atatoka Pwani au ataletwa na mkandarasi.

Afanye nini mwenye cheti kabatini?

Achague mada anayoipenda kweli, kisha atafute maprofesa watatu au wanne wanaoishughulikia. Asome makala mbili za kila mmoja. Aandike barua pepe fupi inayoonyesha kwamba amesoma na ana swali, si barua moja ya kutumwa kwa watu mia. Awaendee walimu wake wa zamani wa chuo mapema awaombe barua za kumpendekeza, maana walimu nao wana shughuli. Aombe nakala rasmi ya matokeo sasa, asingoje. Maombi mengi ya Marekani hufungwa kati ya Desemba na Januari. Baadhi ya vyuo hutoza ada ndogo ya maombi, na mara nyingi unaweza kuomba usamehewe.

Na hili nalisema kwa herufi kubwa za moyo wangu: hakuna wakala anayeuza nafasi ya uzamifu. Anayekuambia lete laki mbili nikuwekee nafasi ni mwizi.

Mimi mwenyewe niliishia diploma. Mwalimu wangu aliniambia, "Kijana, una mkono wa maabara, endelea." Nikamwangalia marehemu baba, mvuvi mwenye ngalawa moja, nikaona haya hata kumtajia. Hakuna aliyeniambia kwamba kuna mahali wangenilipa mimi. Sina kinyongo, riziki ni ya Mungu. Lakini sitaki kumwona mpwa wangu akiwaza hivyo hivyo miaka 20 baadaye.

Dada yangu alinyamaza kitambo. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Na akikataliwa?"

Nikamjibu kwamba huenda akakataliwa. Wanaoomba ni wengi kuliko nafasi. Atapoteza mwaka, na pesa za vipimo hazirudi.

Akazichukua zile bahasha mbili. Akatoa pasipoti kwenye ya kwanza akaitia kwenye ya pili, pamoja na cheti. "Mwaka mmoja," akamwambia bintiye. "Nakupa mwaka mmoja, na asubuhi utanisaidia kukaanga mahamri."

Jumatatu iliyofuata mpwa wangu alikwenda chuoni kwake kuomba nakala ya matokeo. Ameambiwa arudi baada ya wiki tatu.