Hati ya Kukamata Haifi kwa Kukaa: Namna ya Kuiulizia Mahakamani

Katika kambi za polisi na za jeshi nchini Uganda, hakuna jamaa wasioijua amri ya uhamisho. Leo baba yuko Arua. Mwezi ujao aambiwa afunge virago aende Mbarara. Mama na watoto wapakia magodoro na masufuria katika lori, na chumba walichokiacha chapewa mwingine. Lakini karatasi za mahakama hazipandi lori hilo. Samansi ikifika pale kambini wiki mbili baadaye, jirani huipokea kwa nia njema, akaiweka juu ya kabati, akaisahau.

Tuchukue mfano wa koplo mmoja aliyepeleleza kesi ya wizi. Mahakama yamwita atoe ushahidi, naye hatokei. Sheria yampa hakimu uwezo wa kutoa hati ya kumkamata shahidi aliyefikishiwa samansi akakosa kuja bila sababu ya kutosha. Hivyo mtu aliyezoea kukamata wengine aweza kukamatwa yeye, mbele ya wanawe. Au tumchukue mama aliyemdhamini mdogo wake, kisha mdogo huyo akatoroka. Atoroke mmoja, nyumba nzima hukosa usingizi, kwa kuwa mdhamini naye huitwa kujieleza. Ni heri basi kila nyumba ijue namna ya kuuliza mapema.

HATI NI KITU GANI?

Kwa mujibu wa Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya Uganda, hati ya kukamata haina budi kutiwa sahihi na hakimu aliyeitoa na kupigwa muhuri wa mahakama. Yapasa itaje kwa ufupi kosa linalodaiwa, itaje jina la mtu au imweleze kwa namna ya kumtambulisha, na imwamuru anayepelekewa amkamate mtu huyo na kumleta mahakamani. Hati huandikwa kwa Kiingereza, lugha ya mahakama zetu. Kwa hiyo asiyeisoma vema na amtafute mtu mwaminifu wa kumsomea jina, kosa na mahakama iliyoitoa.

Jambo wasilolijua wengi ni kwamba hati haichakai. Hudumu mpaka itekelezwe, au mpaka mahakama iliyoitoa iifute. Haiwekewi mwaka wala miaka miwili ya kufa yenyewe. Tena yaweza kutekelezwa mahali popote katika Uganda. Aliyetoka Soroti akahamia Kampala hakuiacha nyuma hati yake. Ameongeza nauli ya kurudishwa tu.

PA KUULIZIA

Katika Uganda hakuna orodha moja ya hati zote iliyobandikwa ukutani ili kila apitaye aisome. Hati huwekwa katika jalada la kesi. Kwa hiyo anayeuliza "je, nina hati?" aanze na swali jingine: "Ni kesi gani, na iko mahakama gani?" Hukumbuke mahali jambo lilipotokea, si mahali unapoishi sasa, kwa kuwa kesi aghalabu hufunguliwa katika wilaya ya tukio.

Kwanza, tafuteni nambari. Kesi iliyoripotiwa polisi huwa na nambari ya CRB katika kituo. Ikifikishwa mahakamani hupewa nambari ya kesi ya mahakama. Nambari hizo hupatikana katika karatasi ya dhamana, katika samansi au katika hati ya mashtaka. Karatasi hizi zisifungiwe sukari wala zisiachwe mikononi mwa watoto. Ziwekwe pamoja na vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa.

Pili, nendeni katika masjala ya jinai ya mahakama ile, mkamwone karani. Mweleze kwa adabu jina kamili, nambari ya kesi, na mwaka. Hakimu anapoamuru hati itolewe kwa sababu mshtakiwa hakufika, amri hiyo huandikwa katika mwenendo wa kesi, pamoja na tarehe itakayosikizwa tena. Mhusika wa kesi aweza kuomba nakala ya mwenendo huo. Tangu mwaka 2022 mahakama kadhaa zimeanza kuweka majalada katika mfumo wa kompyuta, na wakili aweza kuutazama kwa niaba ya mteja wake. Hata hivyo karani wa masjala angali ndiye mlango wa kwanza kwa mwananchi wa kawaida.

Tatu, kama hamna nambari, mwulizeni mkuu wa upelelezi wa kituo kilichopokea ripoti. Kwa askari, njia hii ni nyepesi, lakini pia ndiyo njia inayompasa. Mjulisheni mkuu wa kikosi kwanza, maana samansi ya mtumishi wa serikali huweza kupitishwa kwake, naye huenda anayo mezani.

Ifahamike kwamba hati iliyotolewa kabla mshukiwa hajakamatwa mara ya kwanza huenda isionyeshwe kwa kila mwulizaji, kwa hofu kwamba mtu atatoroka. Anayeogopa hati ya namna hiyo amtume wakili. Tena cheti cha tabia njema kinachotolewa na Interpol ya Polisi kisichukuliwe kuwa jibu. Cheti hicho hutegemea kumbukumbu za alama za vidole; hakithibitishi kwamba hakuna hakimu aliyetia sahihi hati katika mji fulani.

IWAPO HATI IPO

Msikimbie, wala msikae kimya. Anayekuja kwa miguu yake hutazamwa tofauti na anayeletwa kwa pingu. Aende katika mahakama iliyotoa hati, pamoja na wakili ikiwezekana, akiwa na ushahidi wa kilichomzuia: amri ya uhamisho, barua ya hospitali, au barua ya mkuu wa kikosi. Afuatane na wadhamini wenye vitambulisho na barua za mwenyekiti wa mtaa. Hakimu akiridhika, aweza kuifuta hati. Hati nyingine huandikwa maneno yanayoruhusu mtu aachiliwe akitoa dhamana iliyotajwa. Kwa hiyo isomwe yote, mbele na nyuma.

Asiye na fedha za wakili aweza kuuliza msaada wa sheria kwa Chama cha Mawakili wa Uganda, au kwa FIDA-Uganda, chama cha mawakili wanawake kilichoanzishwa mwaka 1974.

Akikamatwa kabla hajafika huko, asishindane. Anayo haki ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoifahamu, na ya kuomba aonyeshwe hati. Lakini asidhani kwamba askari asiye na karatasi mkononi hana uwezo, kwa kuwa sheria humruhusu kumkamata mtu ambaye ana sababu ya kuamini kuwa hati yake imekwisha kutolewa. Katiba ya mwaka 1995 yaamuru mshukiwa afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote isizidi saa 48.

JIHADHARINI NA WAUZA HOFU

Penye hofu hapakosi mfanya biashara. Yuko anayepiga simu usiku, akasema, "Jina lako liko katika hati, tuma fedha nikalifute." Huyo ni mwongo. Hati haifutwi kwa simu, wala na askari, wala na karani. Hufutwa na mahakama. Dhamana ya polisi haina malipo. Fedha za dhamana ya mahakama huwa na stakabadhi, na hurudishwa kesi imalizikapo ikiwa masharti yametimizwa. Mwulizeni mpigaji nambari ya kesi na jina la mahakama, kisha mwende masjala mkahakikishe wenyewe.

Na wewe askari unayetumwa na hati, kumbuka nyumba yako. Soma jina mara mbili, maana majina hufanana. Eleza kilichoandikwa, ionyeshe ukiombwa, na usiwatishe watoto wasio na hatia.

Mabibi wa kambini, kabla ya lori la uhamisho kuondoka, waachieni majirani anwani mpya na nambari ya simu. Nanyi mabwana, mwarifuni karani wa kila mahakama yenye kesi yenu kwamba mmehama. Ni kazi ya asubuhi moja, nayo yaweza kumwepusha mtu na usiku kucha wa mahabusu. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua; nayo hati iliyofichwa humuumbua mtu vivyo hivyo, siku asiyoitazamia.