Oili ya Trekta Inatokana na Nini?

Msimu wa miwa Kidodi, matrekta yanayopeleka mzigo kiwanda cha Ruembe hubadilishwa oili mara kwa mara. Upande wa kusini, Kidatu, mitambo ya umeme wa maji yenye uwezo wa megawati 204 nayo huzunguka juu ya utando mwembamba wa oili. Kwa kawaida oili hizo zote huanzia sehemu nzito ya mafuta ghafi.

Kwenye kiwanda cha kusafisha, mafuta ghafi hupashwa moto hadi nyuzi joto 350 hivi, kisha huingia mnarani. Petroli, mafuta ya taa na dizeli hupanda kama mvuke, kila moja ikivunwa kwa kimo chake. Chini hubaki uji mweusi, na ndimo oili ilimo. Moto ukizidi hapo, molekuli zake huvunjika. Ndiyo maana uji huo hupelekwa mnara wa pili ulionyonywa hewa: kanieneo ikishuka, vitu huchemka kwa joto dogo.

Kinachopatikana bado hakifai. Kwanza huondolewa molekuli ziitwazo aromatiki kwa kiyeyushi, maana hizo huifanya oili iwe nyepesi mno ikipata moto na nzito mno ikipoa. Kisha oili hupozwa mpaka nta igande na kuchujwa. Nta hiyo hutumika kutengeneza mishumaa. Kama nta ingeachwa ndani, oili ingeganda kwenye baridi ya alfajiri ya Njombe. Mwisho hupitishwa haidrojeni kupunguza salfa na rangi.

Hiyo huitwa oili ya msingi, ya kundi la kwanza. Viwanda vipya hutumia haidrojeni kwa kanieneo kubwa kuzigeuza molekuli mbaya ziwe nzuri badala ya kuzitoa. Hivyo hupatikana kundi la pili na la tatu, ambamo salfa haizidi asilimia 0.03.

TIPER ya Kigamboni, iliyokuwa kiwanda cha kusafisha mafuta, sasa ni ghala la mafuta, na kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kiliacha kusafisha mwaka 2013. Kwa hiyo viwanda vya kwetu huagiza oili ya msingi kutoka nje, kisha huichanganya na viongezo.

Oili ikishatumika, kinachokwisha zaidi ni viongezo, na uchafu hujaa. Oili ya msingi yenyewe kwa sehemu kubwa bado ipo. Oili chafu inayopakwa nguzo kuzuia mchwa ni malighafi: ikikusanywa bila kuchanganywa na maji wala petroli, mnara ulionyonywa hewa na haidrojeni vinaweza kuirudisha kazini.