Barua alizozitunza mdogo wake

Juni 1962 waandishi wa Afrika walikutana katika chuo cha Makerere, Kampala. Walikuwapo Chinua Achebe na Wole Soyinka, pamoja na mwanafunzi wa chuo hichohicho, James Ngugi, ambaye baadaye alijiita Ngũgĩ wa Thiong'o. Kutoka Marekani alifika Langston Hughes, mshairi na mwandishi wa riwaya. Mkutano ulikuwa wa wanaoandika kwa Kiingereza, kwa hiyo Shaaban Robert, aliyeandika kwa Kiswahili, hakuwamo. Mwezi huohuo alifariki dunia huko Tanga, akiwa na umri wa miaka 53.

Nafundisha Kiswahili hapa Hima, wilaya ya Kasese, Uganda, na wanafunzi huniuliza tunajuaje maisha ya watu kama hao nje ya vitabu vyao. Nawaambia: kwa makaratasi waliyoyaacha. Ya Hughes yako katika maktaba ya Beinecke, Chuo Kikuu cha Yale. Alianza kuyapeleka Yale mwenyewe akiwa hai, barua pamoja na miswada. Arnold Rampersad alipoandika maisha yake katika majuzuu mawili, alichimba humo.

Shaaban Robert hakuwa na Yale. Alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, akianzia idara ya forodha mwaka 1926, akahamishwa vituo mbalimbali. Alikuwa na mdogo wake, Yusuf Ulenge, ambaye naye aliandika hadithi. Kaka aliandika barua, mdogo akazitunza. Barua zile, za kuanzia 1931 hadi 1958, zilihaririwa na Profesa M. M. Mulokozi na kuchapishwa na TUKI, Dar es Salaam, mwaka 2002. Ukizisoma unamkuta kaka mtu, mwenye shughuli za ukoo na za kazi. Yule aliyebuni Kusadikika, nchi inayoning'inia angani, alikuwa akiwahi ofisini asubuhi kama karani mwingine yeyote. Kwangu mimi Yusuf Ulenge anastahili shukrani kubwa kuliko anayopewa.

Huku kwetu Kasese karatasi zina maadui wengi: mchwa, unyevu, moto wa jikoni. Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika ukazoa nyumba za Kilembe, na makaratasi ya marehemu baba, aliyewahi kuwa mchimbaji mgodini, yakaenda na maji. Barua zilizobaki ni zile alizompelekea baba mdogo, Bwera. Waliandikiana Kiswahili, maana baba alijifunza kusoma upande wa Congo.

Baba mdogo alinifungulia sanduku lake la bati. Pini zilikuwa zimeota kutu na kuacha matundu ya kahawia, na mikunjo ilikuwa inaachana yenyewe. Katika barua moja baba alikuwa ametaja fedha anazotuma, akazikata kwa mstari, akaandika kiasi kidogo zaidi pembeni. Nikamwuliza baba mdogo sababu.

“Mwanangu, mwezi ule mlikuwa mnaumwa nyinyi watoto. Hakutaka kunieleza,” akanijibu.

Nilikuwa sijui kabisa habari hiyo. Angeinakili upya ile barua ikawa safi, nisingeijua hadi leo. Ndiyo maana wasomi wa fasihi wanaithamini miswada yenye mikwaruzo: mstari uliokatwa unaonyesha mtu akibadili nia.

Kuzitunza barua hakuhitaji fedha nyingi. Toa pini na klipu za chuma. Kunjua barua taratibu, ziweke bapa ndani ya bahasha za karatasi, usizifunge kwenye kavera (mfuko wa plastiki), maana jasho lake huozesha. Ukitaka kuandika tarehe, tumia penseli. Sanduku liinue juu ya mawe au mbao, mbali na ukuta, kisha piga picha kila ukurasa kwa simu na umtumie ndugu aliye mji mwingine.

Wanaotaka msaada, Fort Portal si mbali. Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon kimekwisha kupanga na kupiga picha nyaraka za zamani za wilaya ya Kabarole, na kuna watu wanaoijua kazi hii. Wazee wenye masanduku bado wapo Bwera, Kilembe na Hima. Waulizeni mwaka huu.