Sura ya Saba: Uwiano wa Mgandamizo na Namna ya Kuupima

Katika mambo yote ya ufundi wa trekta kuukuu, hakuna linalotajwa mara nyingi na kupimwa mara chache kama uwiano wa mgandamizo. Mwenye trekta akiifungua injini yake katika ua wa Mutakura, kaskazini mwa Bujumbura, ambako mji huishilia na tambarare ya Imbo huanza na mashamba yake ya mpunga na pamba, au akiipeleka Buyenzi, mtaa wa Waswahili tangu mji ulipokuwa ukiitwa Usumbura, ataambiwa kwamba kompresheni imekwisha, au imezidi, au yapaswa kupunguzwa. Na katika kauli zote tatu hatasikia hata namba moja. Nimeikusudia sura hii iwe ya hesabu, lakini dhana potofu zilizozagaa ni nyingi kiasi kwamba hesabu haina budi kungoja kwanza zisafishwe.

Uwiano huu ni nisba ya nafasi mbili: ile iliyo juu ya pistoni inapokuwa chini kabisa, na ile inayosalia pistoni inapofika kileleni. Nafasi hizo zimezungukwa na chuma, na chuma hakipungui kwa sababu ringi zimelika. Dhana ya kwanza ni kwamba geji huupima uwiano huu; lakini geji inayofungwa mahali pa nozeli haipimi nafasi, hupima shindikizo. Na shindikizo hutegemea ringi, valvu, kasi ya stata, joto la injini, na hewa ya mahali penyewe. Bujumbura iko kando ya ziwa ambalo uso wake uko mita 773 hivi juu ya bahari. Ukipanda nyanda za juu za Mugamba, penye zaidi ya mita 2000, uzito wa hewa ni kama nne kwa tano ya ule wa pwani, na geji ile ile, juu ya injini ile ile ambayo hapana nati iliyoguswa, itasoma pungufu. Basi afanyaje mtu anayesoma geji kisha akatangaza uwiano? Amepima pumzi ya mgonjwa akadhani amepima urefu wake. Kwa sababu hiyo hiyo, dawa za chupa ziuzwazo kwa madai kwamba hurudisha kompresheni haziwezi kugusa uwiano, illa pawe na dawa inayokuza chuma, nayo bado haijatengenezwa.

Dhana ya pili ni ya kusaga kichwa cha injini. Wengi huamini kwamba kila unyoya wa chuma uondokao kwenye uso wa kichwa huongeza mgandamizo, na katika Ferguson TE20 ya petroli maneno hayo ni kweli, kwa kuwa chumba cha moto kimechimbwa ndani ya kichwa chenyewe. Lakini trekta nyingi za dizeli zinazodumu mashambani mwetu, na hasa Massey Ferguson 35 yenye injini ya Perkins ya silinda tatu, chumba chake kimo katika kichwa cha pistoni, mfano wa bakuli, na uso wa kichwa cha injini ni bapa. Ukiusaga uso bapa, kinachopungua ni kina cha vitako vya valvu tu: ujazo hubadilika kidogo mno, ilhali valvu husogea karibu na pistoni, na ncha ya nozeli huchomoza kupita kiasi. Uso wenye nguvu juu ya uwiano ni ule wa bloku, ambao aghalabu husagwa bila kuulizwa.

Sasa hesabu. Perkins hiyo ina kipenyo cha silinda cha milimita 91.44 na mwendo wa pistoni wa milimita 127. Eneo la duara ni sentimita za mraba 65.67, na ukilizidisha kwa 12.7 unapata sentimita za ujazo 834 kwa kila silinda, yaani lita mbili na nusu kwa zote tatu. Namba hii hupatikana kwa rula na kalamu. Ile ngumu ni ya pili, nafasi inayobaki kileleni, kwa sababu bakuli la pistoni halina umbo la kupimika kwa rula, na pistoni yenyewe huenda ikachomoza juu ya uso wa bloku au ikabaki chini yake.

Njia ya yakini ni ya majimaji. Pistoni hufikishwa kileleni kwa saa ya kupimia, kisha hushushwa milimita 10 barabara. Ukingo wake hupakwa grisi nyepesi ili mafuta yasipenye. Juu ya silinda hulazwa kipande cha plastiki angavu chenye tundu. Na kwa sindano ya duka la dawa, iliyoandikwa alama za sentimita za ujazo, hutiwa mafuta ya taa hadi kiputo cha mwisho kitoke. Tuseme zimeingia 108.2. Milimita 10 za silinda ni sentimita za ujazo 65.7, ukizitoa, hubaki 42.5, nazo ni bakuli pamoja na kila kuchomoza au kuzama kwa pistoni, bila ya haja ya kuvijua kimoja kimoja. Ongeza gasketi: ikiwa imebanwa hata kufikia unene wa milimita moja, na tundu lake lina kipenyo cha milimita 93, hiyo ni 6.8. Ongeza vitako vya valvu, vilivyopimwa kwa sindano ile ile kwenye kichwa kilichopinduliwa, tuseme 1.5. Jumla ni 50.8. Gawanya 834 kwa 50.8, ongeza moja, upate 17.4, na huo ndio uwiano ulioandikwa na watengenezaji wa injini hiyo.

Natilia mkazo udogo wa namba hizi kwa kuwa ndimo ilimo khatari. Nusu milimita iliyosagwa juu ya bloku huondoa sentimita za ujazo 3.3, na uwiano ukapanda hadi 18.6, huku pistoni ikikaribia kukigonga kichwa. Na yule asemaye, «Fundi, tia gasketi mbili, mashine ipumue», ameongeza 6.8 nyingine, na uwiano umeshuka hadi 15.5. Dizeli haina cheche. Moto wake huwashwa na joto la hewa iliyobanwa, na hiyo ndiyo hikima ambayo Rudolf Diesel aliisimamisha kwa injini yake ya 1897. Kwa hewa ya asubuhi yenye nyuzi 10, hesabu ya kawaida hutoa nyuzi karibu 496 kwa uwiano wa 17.4, na 466 kwa 15.5, na stata inapozungusha polepole, chuma baridi hunyonya sehemu kubwa ya joto hilo kabla mafuta hayajapuliziwa. Trekta ya gasketi mbili huwaka mchana huko Imbo, kisha ikipelekwa vilimani hukataa alfajiri, na hapo ndipo husikika watu wakisema kwamba ardhi imeikataa mashine, au kwamba jirani ana hasadi, na hirizi ikafungwa kwenye usukani. Sina subira na maneno hayo. Yanamgharimu mkulima siku za kulima, na yanamwachia huru aliyetia gasketi.

Nilikusudia kupita hapa kwenda kwenye valvu, walakini pana mfano mmoja usiostahili kurukwa, kwani huvunja dhana ya tatu, iliyo kubwa kuliko zote: kwamba uwiano ukizidi, injini huwaka kwa wepesi zaidi. Massey Ferguson 35 hiyo hiyo, kabla ya kupewa Perkins mwishoni mwa 1959, ilitoka kiwandani Coventry na dizeli ya Standard ya silinda nne, iitwayo 23C, yenye kipenyo cha milimita 84 na ushei na mwendo wa milimita 101.6. Uwiano wake ulikuwa 20. Kwa dhana ya mitaani ingepaswa kuwaka kabla ya Perkins; kumbe ilijulikana kila pembe kwa ukaidi wake asubuhi, na plagi zake za kupasha joto zilikuwa za lazima. Sababu ni chumba chake. Katika 23C hewa husukumwa kupitia njia nyembamba hadi chumba cha pembeni, na katika safari hiyo hukigusa chuma baridi pande zote, ikapoteza joto ambalo uwiano mkubwa umelichuma. Katika Perkins hewa hukusanyika ndani ya bakuli la pistoni, mahali pamoja, na hupoteza kidogo. Kwa hiyo 20 ya mashine moja si kubwa kuliko 17.4 ya nyingine kwa maana yoyote imfaayo mkulima, na anayejaribu kuipandisha Perkins hadi 20 kwa kusaga bloku hanunui wepesi wa kuwaka, hununua mgongano wa pistoni na kichwa. Kila injini ina uwiano wake, na kazi ya anayeifufua ni kuurudisha uleule.

Limebaki jambo la silinda kulinganishwa. Sindano itiwe katika zote tatu, wala asitosheke mtu na ya kwanza. Ikiwa mbili zimetoa 50.8 na ya tatu 53, silinda hiyo ina uwiano wa 16.7, na ringi mpya hazitaiponya. Aghalabu konrodi imepinda kidogo, kwa maji yaliyowahi kuingia silinda injini ikizunguka, na pistoni haifiki tena kilele chake. Konrodi hiyo itolewe na ipimwe unyoofu wake kabla kichwa hakijafungwa.